Barua kwa Kanisa la Mistari

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba nyumba inaweza kuwa na namba. Yetu ilikaa juu ya kilima upande wa Merigi, na mgeni akitaka kuja aliambiwa apite kituo cha kupimia chai, ashike njia ya ng'ombe, na akiona mkaratusi uliopigwa na radi ajue amefika. Barua hazikupita njia hiyo. Barua zilikuja kwa sanduku la posta la kanisa, na kila Jumapili, baada ya baraka ya mwisho, katibu wa kanisa alisimama mlangoni na mfuko wake wa turubai akaita majina. Watu walingoja uani. Hata wale ambao hawakuwa na mtu wa kuwaandikia walingoja, kwa sababu kusikia jina la jirani pia ni habari.

Katibu alikuwa mtu wa ziwani, karani wa kiwanda cha chai, aliyekuja kwetu kijana akaoa, akajenga, akajifunza Kipsigis cha kutosha kututania. Mfuko ukiisha aliugeuza ndani nje na kuutikisa, ili mtu asiseme barua yake imefichwa.

"Mama!" aliita siku moja, barua ameiinua juu. "Hii imetoka ng'ambo. Stempu ina mwanamke hana nguo. Nikupe hapa mbele ya mchungaji, ama nikuletee jioni imefunikwa?"

"Lete hapa, mla samaki," mama akasema. "Funika macho yako."

Barua hiyo ilitoka kwa dada yangu mkubwa. Alikuwa ameondoka mwanzoni mwa miaka ya tisini. Alisomea ualimu, akapangiwa shule upande wa Sigor, na baba alikuwa amekwisha kuwaambia watu wote kanisani. Lakini kulikuwa na mhandisi wa barabara, Mtaliano, aliyekaa Kericho na mke na watoto pacha, na dada alikuwa akiwafundisha watoto hao wakati wa likizo. Kazi ya barabara ilipokwisha, familia ile ilimwomba aende nao Genoa, mji wao wa bandari kwenye bahari ya Mediterania, awalee watoto. Akakubali. Hakumwomba baba ruhusa. Alimwarifu.

Nilikuwepo langoni asubuhi ile. Baba hakupaza sauti.

"Enda," alisema. "Lakini usirudi kwa boma hili. Hata siku ya kunizika, udongo wako usianguke juu yangu."

Kwetu neno la mzazi likitoka kinywani linakaa mahali, na hakuna wa kuliondoa isipokuwa yule aliyelitoa. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kanisani tulifundishwa kwamba mambo hayo ya zamani yalikwisha. Lakini nilimwona mama akishika nguzo ya lango kwa mikono miwili, kama mtu aliye kwenye mashua. Dada alichukua sanduku lake akashuka. Chai pande zote mbili za njia ilikuwa na umande, na sketi yake ililowa mpaka magotini.

Kwa hiyo mji wa Genoa niliujua kwanza katika shamba la chai. Dada alimwandikia mama, na mimi, msomaji wa nyumbani, nilisoma kwa sauti huku mama akichuma. Niliiweka karatasi juu ya meza ya chai, ule utambarare wa kijani ambao mama aliulinda kwa kulaza fito juu yake na kuchuma tu kile kilichochungulia juu ya fito, majani mawili na kichipukizi. Nilisoma, yeye akasogeza fito, nikasogea naye. Mtaa mmoja wa Genoa ulitutosha mstari mmoja wa chai.

Dada aliandika kwamba nyumba za mji wa kale zilisimama ghorofa sita, saba, na njia kati yake zilikuwa nyembamba hivi kwamba alinyosha mikono akagusa kuta mbili. Aliandika juu ya matao marefu yanayotazama bandari, yenye giza na harufu ya samaki wa kukaanga. Juu ya lifti ya umma, ambayo mtu huingia kupitia handaki la vigae vyeupe na kutokea juu ya paa zote. Juu ya milango iliyozungushiwa mawe meusi yaliyochongwa watakatifu na farasi. Aliandika kwamba matajiri wa zamani walikosa nafasi ya kutosha kuweka madirisha, wakayachora.

"Wamechora dirisha?" mama akauliza. Fito ikasimama.

"Kwa rangi. Na kivuli chake. Anasema kuna moja limechorwa na mtu akichungulia."

"Ili iweje?"

"Ili ukuta ulingane."

"Sasa mtu akitaka hewa, afungue rangi?" Alicheka mpaka kikapu kikatikisika mgongoni. Halafu akasogeza fito. "Muulize. Lake ni la kweli?"

Nikauliza. Jibu lilikuja baada ya wiki sita: *Mwambie mama langu ni la kweli. Linalia likifunguliwa.*

Kila barua ilimalizikia kwa swali moja: *Baba amesema nini?* Na kila mara niliandika habari za ng'ombe.

Mwaka wa nne barua yetu moja ilirudi na muhuri wa posta yao, na baadaye kidogo ikaja kadi yenye picha ya mnara wa taa wa bandari. Mama aliutazama mnara ule akasema unafanana na bomba la moshi la kiwanda chetu. Nyuma ya kadi dada alikuwa amebana maneno:

*Familia ya mhandisi imehamia nchi nyingine. Mimi nimebaki, namtunza mama mmoja mzee. Naishi nyuma ya kanisa lenye mistari myeusi na myeupe, ngazi sitini na mbili kutoka kwenye matao ya bandari. Nimechoka kuuliza. Sitaandika tena mpaka neno la baba lije. Likija, nitarudi, hata kwa wiki moja.*

Hakuna kati yetu aliyeona kwamba hiyo haikuwa anwani. Kwetu hiyo ndiyo anwani. Alituelekeza kama vile angemwelekeza mgeni kwa kituo cha chai na mkaratusi.

Miezi michache baadaye kifua kilimlaza baba wiki tatu. Aliporudi kutoka hospitali alikaa jikoni, mahali ambapo hakuwa na desturi ya kukaa, magoti yake yakiwa karibu na moto, akaniambia nilete kalamu.

"Mwandikie dada yako. Mwambie, neno lile nimelimeza."

Niliandika. Nikangoja. "Hivyo tu, baba?"

"Kwani lilipotoka lilikuwa refu?"

Mama alikuwa akigeuza ugali. Aliugeuza muda mrefu kuliko unavyohitaji kugeuzwa.

Jumapili tulimpelekea katibu ile kadi ya mnara, atusaidie anwani. Yeye ndiye aliyejua mambo ya posta. Aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Hapa pameandikwa kanisa," alisema. "Basi tuandikie kanisa. Jina lake, halafu kanisa lenye mistari myeusi na myeupe, karibu na bandari. Wataliita Jumapili."

"Hilo si la Katoliki?" mama akauliza.

"Mama, barua haina dhehebu. Mimi hapa si naita hata majina ya Wakatoliki wa hapo chini?"

"Na wakiliita kwa ulimi wao, atajua ni yeye?"

"Jina lenu hilo? Hata likitafunwa na ng'ombe atalijua."

Walicheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Nilikuwa nimesoma vitabu ambamo watu hugonga mlango wa namba fulani katika mtaa fulani, na niliviamini kama nilivyoamini theluji. Nilikaa juu ya jiwe uani kwa kanisa, bahasha juu ya Biblia, nikaandika kwa Kiingereza safi na mwandiko wangu bora kabisa. Hakuna aliyenishika mkono. Nilipenda hata jinsi maneno yale yalivyokaa: kanisa lenye mistari, karibu na bandari.

Katika mwaka na nusu niliandika barua saba za namna hiyo. Hakuna iliyorudi. Ile ya anwani ya zamani ilirudi na muhuri, hizi hazikurudi, kwa hiyo zilifika. Ndivyo tulivyofikiri. Na kwa kuwa zilifika na hakuna jibu, kimya kile kilikuwa jibu.

Mwanzoni baba alingoja uani kila Jumapili mpaka mfuko ugeuzwe. Baada ya barua ya tano akaacha. Baraka ikitolewa alichukua kofia yake akaondoka kabla katibu hajafika mlangoni.

"Amekataa," alimwambia mama. "Ni haki yake."

Hakulisema kwa uchungu. Alianza hata kulala vizuri. Mtu aliyekataliwa anajua mahali pa kukaa.

Nilipomaliza chuo nilibaki Nairobi, katika kikundi kidogo cha waandishi vijana tuliokuwa tukisomeana hadithi Jumamosi, wote tukiwa na hakika kwamba Kiswahili kilikuwa kikitungojea sisi. Moja ya hadithi zangu ilikuwa na bahati: ilitafsiriwa na mwanafunzi mmoja wa Kitaliano, na mwaka mmoja kabla ya zile mvua kubwa zilizobeba madaraja, kundi lao la wasomaji likanialika wiki moja. Mji ulikuwa Genoa. Nilipoona jina lile kwenye barua niliketi chini sakafuni.

Nilikwenda nyumbani kuaga. Mama aliposikia akaenda kuchuma ingawa mvua ilikuwa karibu. Asubuhi ya kuondoka baba aliniita kwenye zizi la ndama. Alikuwa na kibuyu cha maziwa. Aling'oa nyasi za kijani pale langoni, pale pale aliposimama siku ile, akatazama njiani kama kuna mtu wa kanisa anayepita, akatia maziwa kinywani na kuyapuliza juu ya nyasi, mara nne, jinsi wazee wa zamani walivyoondoa neno. Kisha akazikunja katika karatasi ya pakiti ya majani ya chai.

"Neno lilitoka kwa kinywa hiki," alisema. "Ukimpata, mpe mkononi. Usiongeze maneno yako."

Alinijua. Maneno ndiyo niliyokuwa nayo.

Nilikuwa na siku saba Genoa. Jioni nilisoma hadithi na kupigiwa makofi. Mchana nilitafuta kanisa. Siku ya kwanza nilikwenda nikiwa na furaha ya kijinga, kwa sababu nilitoka kituo cha treni nikaona kila kitu kama nilivyokisoma juu ya chai: matao, harufu ya mafuta ya samaki, nguo zikining'inia kutoka ukuta hadi ukuta, na mbinguni ukanda mwembamba wa buluu, kama njia kati ya mistari ya chai ukiitazama kutoka juu. Nilinyosha mikono. Niligusa kuta mbili. Nilitaka kumwita mtu aone.

Nikapata kanisa lenye mistari kabla ya saa sita. Lilikuwa kubwa, na simba wawili wa mawe mlangoni, lakini kutoka bandarini kulikuwa na mteremko tu, ngazi chache. Nikauliza kwa vidole. Mwanamume mmoja akanyosha mkono nyuma yangu, kisha kushoto, kisha juu. Kulikuwa na jingine. Na jingine. Baadaye mwenyeji wangu, yule mwanafunzi aliyetafsiri hadithi, alinieleza kwamba mistari ile ilikuwa heshima ya zamani: jamii zilizotenda jambo kubwa kwa mji ziliruhusiwa kujenga kwa jiwe jeusi na jeupe. Alilisema kwa fahari. Mimi nilifikiria bahasha saba zilizoandikwa kanisa lenye mistari, kana kwamba lilikuwa moja tu.

Siku ya pili nilihesabu ngazi. Nilipanda kutoka matao kwa kila kichochoro kilichopanda, nikihesabu kwa Kipsigis kama mama anavyohesabu vikapu. Arobaini na moja. Kumi na nane. Moja ilifika hamsini na tisa, nikashuka nikahesabu upya, nikitumaini nilikosea. Nilipita mitaa ambayo dada hakuiandika: wanawake waliokaa vitini milangoni tangu mchana, maghala yenye harufu ya kamba na chumvi, kasri la marumaru ambalo mlango wake ulitazama ukuta wa jirani hatua tatu mbele, hata mtu hawezi kurudi nyuma vya kutosha kuuona uzuri wake. Mvua ilinyesha saa tisa, kama kwetu. Kwetu mvua ikinyesha mtu hukimbilia kwa yeyote, nyumba ya kwanza anayoiona. Pale nilisimama chini ya sanamu ya Bikira Maria iliyowekwa pembeni mwa njia, katika kioo, na milango yote ilikuwa imefungwa.

Siku ya tatu mwenyeji wangu alifuatana nami. Kwa njia moja iliyoanzia kando ya duka la kamba na ndoano, tulipanda ngazi sitini na mbili na kutokea kwenye uwanja mdogo kama uwanja wa kukaushia mahindi. Kanisa lilikuwa pale, dogo, limebanwa, mistari yake imefifia kwa moshi.

Mtunza kanisa alikuwa mzee mwenye sweta iliyotoboka viwiko. Mwenyeji wangu alimwambia jina la dada. Mzee akatikisa kichwa. Akalirudia, polepole. Halafu akaingia chumba cha pembeni, akavuta droo moja ya chini, akaanza kutoa vitu: miwani, glavu moja, mwavuli wa mtoto, rozari iliyokatika. Chini ya hivyo vyote zilikuwa barua zangu.

Saba. Hazijafunguliwa. Mwandiko wangu bora kabisa.

"Anauliza," mwenyeji wangu akasema, "ni nani huyu? Makanisa mengine yenye mistari yalizikataa, tarishi akaziacha hapa. Yeye alifikiri ni msafiri, kwamba siku moja atapita kuziulizia."

"Muulize kama aliliita jina lake. Baada ya ibada."

Alinitazama. "Kumwita kanisani?"

"Muulize tu."

Akamuuliza. Mzee akacheka kidogo, kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa kwa nini hakupeleka ng'ombe sokoni kwa treni. Hapana, huku barua hazisomwi kanisani. Barua huenda kwenye nyumba ya mtu. Kisha aliuona uso wangu akaacha kucheka. Alichukua bahasha moja akanionyesha shimo: alikuwa amekata stempu, ile ya ndege, kwa ajili ya mjukuu wake. Aliomba radhi. Aliomba radhi sana, kwa sababu ya stempu.

"Hakuna mwanamke Mwafrika aliyewahi kuingia hapa?" nikauliza.

Kamwe. Alimwona mmoja akipita, asubuhi na jioni, mrefu, mwendo wa haraka. Aliinamisha kichwa kwa heshima mbele ya mlango lakini hakuingia. Nilijua kwa nini. Tulikuwa tumelelewa kuogopa sanamu. Mama aliliona jambo hilo kabla ya sisi sote, akauliza, na tukacheka.

Nyumba aliyotuonyesha mzee ilikuwa nyuma ya kanisa, hatua labda arobaini. Milango miwili ilikuwa na namba kumi na nne karibu karibu, moja nyekundu na moja nyeusi. Nyekundu ni za maduka, mwenyeji wangu akanieleza, nyeusi ni za watu. Nilikuwa tayari nimeinua mkono kugonga kwa nyekundu.

Mwanamke wa ghorofa ya chini alitufungulia akiwa na vibanio vya nguo mdomoni. Alivitoa kimoja kimoja akizungumza. Ndiyo, yule msichana. Ghorofa ya nne, pamoja na wengine wawili. Mama mzee aliyemtunza alikufa wakati wa baridi. Alikuwa mtulivu. Alipika kitu cha unga, cheupe, kigumu, akampa mara moja aonje. Hakikuwa na chumvi. Aliondoka kabla ya Pasaka na sanduku moja.

"Wapi?"

Yule mwanamke alifungua mikono.

Pale ukumbini, ukutani, palikuwa na safu ya visanduku vya chuma vya barua, kila kimoja na jina. Kimoja kilikuwa bado na kipande cha karatasi chenye jina la dada, kwa mwandiko wake wa mwalimu, herufi zimesimama wima kana kwamba darasa linaziangalia.

"Anasema," mwenyeji wangu akatafsiri, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "kila siku alishuka mwenyewe asubuhi, kabla ya kazi. Alitia kidole kwenye tundu, hivi, kuhisi kama kuna kitu. Aliwahi kumuuliza, kwenu hawakuandikii? Akasema, sijui kama bado wapo wa kuniandikia."

Niliutia mkono wangu pochini nikatoa karatasi ya pakiti ya chai. Nyasi zilikuwa zimekauka, lakini zilinuka zizi letu. Niliambiwa nimpe mkononi. Kisha nilizisukuma zote ndani ya tundu, na mara zilipoanguka nikasikia jinsi chuma kilivyokuwa kitupu. Nilijaribu mlango wake. Ulikuwa umefungwa.

Nilimwachia yule mwanamke anwani ya sanduku letu la posta kwenye karatasi. Aliibandika jikoni kwake, karibu na picha ya mtakatifu mmoja. Tulipotoka nilitazama juu. Ghorofa ya nne ilikuwa na madirisha matatu uwanjani, na mwenyeji wangu akasema moja kati yao lilikuwa la kuchorwa. Jua la jioni liliyapiga yote sawasawa, nisijue ni lipi. Nilikuwa nimesahau kuuliza lipi ni lake, na aibu ikanizuia kurudi kugonga. Siku zilizobaki nilikwenda pale kila asubuhi. Nilisoma hadithi zangu jioni. Watu walikuwa wema mno.

Nyumbani niliziweka barua saba mezani mbele ya baba. Alizigeuza moja moja, akipapasa gundi kwa kidole gumba kuona kwamba haikuwahi kuachia. Ile yenye shimo la stempu aliishika hadi mwisho.

"Hakusoma," alisema.

"Hakusoma, baba."

"Hata ile ya kwanza."

"Hata ile."

"Na nyasi?"

"Nimeziweka ndani ya sanduku lenye jina lake. Limefungwa."

"Nani ana ufunguo?"

Baba alivaa kofia akaenda kwa ng'ombe, na ilikuwa mchana, hakuna kazi ya ng'ombe wakati huo.

Mama alitaka kuiona nyumba. Nilimchorea uani, udongoni, kwa ile fito yake ya chai: kanisa na mistari yake, uwanja, ngazi, mlango wenye jiwe jeusi, ghorofa moja baada ya nyingine. Alipiga magoti ili aone vizuri. Katibu alikuwa amekuja, kwa sababu habari zilikwisha kumfikia. Alisimama kando na kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Mama, ni mimi niliyesema kanisa," alisema.

"Ni sisi sote," mama akasema bila kuinua kichwa. "Wewe sogea, unaniziba mwanga." Kisha akaniuliza, "Lake ni lipi?"

Nilitazama yale madirisha matatu niliyoyachora. Nikaweka ncha ya fito kwenye la katikati.

"Hili."

Aliligusa kwa kidole, akapanua kidogo pembe zake, kama mtu anayefungua.

Usiku sikuwa na hakika. Siku iliyofuata, nikiwa kwenye chai, nilikumbuka wazi: la katikati lilikuwa na ubao wake umefunguliwa nusu, na kivuli chini yake, na kivuli hicho kilikuwa upande uleule asubuhi na jioni.

Jumapili nilikwenda kanisani pamoja nao. Baraka ya mwisho ilitolewa. Baba alichukua kofia yake, akasimama, akatoka hadi uani. Hapo akasimama. Watu waliozoea kumwona akishika njia walimpisha, wakadhani amesahau kitu. Alikwenda akaegemea ukuta, mahali pake pa zamani, akangoja. Katibu aliita majina yote, bila utani, haraka. Mfuko ulipoisha aliugeuza ndani nje, akautikisa, na kisha, kana kwamba hakutosheka, akautikisa tena upande wa baba.

"Asante, katibu," baba akasema.

Tulirudi njia ya ng'ombe, yeye mbele, mimi nyuma. Alikuwa akihema kwa kifua kile. Nilikuwa nimemnyang'anya kukataliwa kwake, kitu alichokuwa amekizoea, na sikuwa na kingine cha kumpa. Kwenye mkaratusi alisimama apumzike.

"Lile dirisha ulilomwonyesha mama yako," alisema, akitazama mbele. "Ni la kweli?"

"Ndiyo, baba," nikasema. "Linalia likifunguliwa."